Mwiko wa Watu Wawili

Siku zile siasa ilipoingia Pemba, watu waliacha kusalimiana. Usidhani natia chumvi. Mtu alikuwa akipita mbele ya barza ya jirani aliyenyonya naye ziwa moja, anageuza uso kama kapita jaani. Kuna maiti waliokosa wa kuwachukua. Duka la fulani halinunuliwi kwa kuwa fulani yuko chama kile, gari la fulani halipandwi kwa kuwa mwenyewe yuko chama hiki, na watu walikuwa radhi kutoka Chake Chake mpaka Wete kwa miguu, na jua lote lile, kuliko kuketi kwenye gari la asiye wao. Vyama gani? Hivyo sikwambii. Kamuulize babu yako, na umngoje kwanza ale ashibe.

Katikati ya wazimu huo ndipo Bi Zuweina alipochagua kuanza biashara.

Alikuwa mjane wa Zahran, mpishi wa halua aliyejulikana Chake Chake nzima. Miaka yote ya ndoa yao Bi Zuweina alikaa upande wa pili wa ukuta wa kiwanda. Huko ndiko alikochuja wanga, akasafisha sukari, akatwanga iliki na kungumanga. Wanaume wakapika upande wao. Watu wakila husema, "Ah, mkono wa Zahran huu!" Naye huinama akacheka peke yake, maana anajua wanga ule umechujwa na mkono wa nani.

Kilichopita ukutani kila asubuhi kilikuwa sauti. Kama hujawahi kuiona halua ikipikwa, basi jua kwamba haitaki kuachwa hata kidogo. Ikishaanza kuwa nzito ndani ya sufuria la shaba, mwiko haufai kusimama. Ukisimama tu, imeungua. Na mwiko wenyewe ni mrefu kama kasia, mtu mmoja haumalizi. Kwa hivyo hupikwa na watu wawili kwa zamu. Aliyechoka hasemi kachoka, husema, "Pokea!" Mwenzake huja akatia mikono yake juu ya ule mti, akajibu, "Nishapokea!" Na yule wa kwanza haachii, hata mabega yamkatike, mpaka alisikie jibu. Hiyo ndiyo sheria ya sufuria.

Waliokuwa wakiitana hivyo ni Nyange na Khatib. Nyange mfupi, mpana wa kifua, mwenye kovu la kuungua kutoka kiwiko mpaka kwenye kiganja. Khatib mrefu, mwembamba, hodari wa maneno, haachi kumtania mwenzake tangu jua linatoka. Walianza pale vijana, wakaota mvi pamoja juu ya mvuke wa sukari. Bi Zuweina alikuwa akiamka na sauti zao kama wengine wanavyoamka na majogoo.

Zahran alipofariki, hakuacha mtoto. Bi Zuweina akakaa eda, kiwanda kikafungwa, na watu wakaja kumpa pole kwamba atamkumbuka mumewe usiku. Alimkumbuka, naam. Lakini kilichomliza hasa, na hakumwambia mtu, kilikuwa asubuhi. Anafumbua macho, anasikiliza, hakuna pokea wala nishapokea, na siku nzima iko mbele yake haina pa kuanzia.

Eda ilipokwisha akaja shemeji yake, Marhoun, mdogo wa marehemu, kutoka Wete. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie. Alikuwa na kanzu safi, sauti ya upole na haki yake kwenye urithi, na sufuria lile la shaba lilikuwa ndani ya urithi huo.

"Shemeji," alisema, "lile sufuria nimelipatia mtu Unguja. Wewe utakuja kukaa na sisi. Kula utakula, kuvaa utavaa, huna la kuhangaikia."

"Mie nataka kupika," akasema Bi Zuweina.

"Kupika nini?"

"Halua."

Marhoun akacheka, akaona mwenzake hacheki. "Mwanamke kwenye kiwanda cha halua? Na siku hizi zenyewe hizi? Watu hawaendi hata maziko ya wenzao, watanunua halua yako? Hebu niambie, shemeji. Unataka nini hasa?"

Bi Zuweina alifungua mdomo. Jibu alikuwa nalo kifuani, alilihisi, lakini kila neno alilolishika halikutosha. Angesema nini, kwamba anataka kusikia watu wakiitana? Angeonekana kachanganyikiwa na msiba.

"Nipe mpaka Idd," akasema. "Idd ikipita na halua yangu haikununuliwa, njoo ulichukue sufuria, na mie n'takufuata na begi langu."

Marhoun akakubali. Kumkatalia mjane neno dogo kama lile kungekuwa aibu, na tena alikuwa na hakika ya mwisho wake.

Basi Ramadhani ilipofika kati, Bi Zuweina akavaa buibui lake akaenda mwenyewe kuwaita wapishi wake. Nyange alikuja. Khatib alikuja. Ikawa furaha ya kitambo kidogo tu, maana walipokutana mlangoni, huyu alitazama dari na yule akatazama vidole vya miguu yake. Nyange alikuwa chama hiki na Khatib chama kile. Watu waliokula sahani moja maisha yao yote, leo hata salamu hawana!

Habari haikukawia kutoka nje. Wa kwanza kubisha hodi alikuwa Abrahman, mwenye duka la vyakula pale sokoni. Ndiye aliyekuwa akiwauzia sukari tangu enzi za Zahran, na siku hizi alikuwa mkubwa wa chama cha kina Nyange mtaani. Alikaa barzani, akauliza hali, akauliza saumu, akazunguka weee, mwisho akatua.

"Bi Zuweina, sisi tunataka kukuinua. Halua yako ya Idd tutainunua yote. Tutawaambia watu wetu wa mjini, tutapeleka habari Kojani, tutapeleka Shumba. Tuna neno moja tu. Khatib atoke."

"Akitoka, mwiko atapokea nani?"

"Watu hawakosekani."

Kesho yake akaja Mzee Mmanga, mfugaji wa ng'ombe, ambaye samli yake ndiyo iliyokuwa ikitumika pale siku zote. Naye akauliza hali, akauliza saumu, akazunguka. Yeye alikuwa upande wa kina Khatib, na neno lake lilikuwa lilelile, ila jina ndilo jingine. "Nyange atoke, mwanangu, na sisi tutakununulia mpaka makoko ya sufuria."

Bi Zuweina hakuwa malaika. Usiku ule alipokuwa akila daku alipiga hesabu zake kama mfanyabiashara yeyote. Nusu ya mji ni bora kuliko kukosa mji wote, hilo hata kipofu analiona. Amfukuze mmoja, amweke mwingine, Idd ipite, Marhoun arudi kwao mikono mitupu. Lakini kila alipojaribu kumtoa Nyange, aliliona lile kovu la mkono wake, alilolipata siku sufuria lilipopinduka naye akalizuia lisimwagikie Zahran miguuni. Na kila alipojaribu kumtoa Khatib, alimkumbuka alivyokaa kando ya kaburi la Zahran baada ya watu wote kuondoka, akiokota majani makavu moja moja juu ya udongo mpya. Mtu kama huyu unamwambia nini? Kwamba kura yake haikupendeza?

Akawajibu wote wawili jibu moja: wapishi wangu ni hawa hawa, anayetaka halua aje, asiyetaka abaki na Idd njema.

"Basi utaila mwenyewe," akasema Abrahman akiinuka.

"N'taila. Naipenda."

Mzee Mmanga yeye alitikisa kichwa tu, na kuanzia siku ile hakuleta samli tena. Wala Abrahman hakumuuzia tena sukari. Ilimbidi Bi Zuweina amtume Mize kutafuta huku na huko. Mize ni jirani yake, msuka ukili, aliyekuwa akisuka vile vikapu vidogo vya kutilia halua. Alizunguka kwa ndugu na jamaa, akarudi na vitu vya kutosha kupika mara mbili, hapana zaidi.

Sasa nikwambie kosa. Bi Zuweina, ambaye alikuwa mkali kwa Abrahman na mkali kwa Mmanga, kwa wapishi wake mwenyewe alikuwa mwoga. Aliona hawasemezani. Aliona wamebuni namna yao ya kupokezana bila kufungua mdomo: aliyechoka hugonga ukingo wa sufuria kwa upawa, ngo, ngo, na mwenzake huja akashika mwiko kimya kimya. Bi Zuweina aliusikia ule mlio wa upawa toka upande wake wa ukuta, ukamkwaruza roho, akajiambia, waache, watu wazima, watapatana wenyewe. Ukali wake aliumalizia barzani. Ndani ya kiwanda chake hakusema kitu.

Zikabaki siku mbili mfungo umalizike, wakapika ile ya kwanza.

Mvua za masika zilikuwa zimeshaanza, kuni zimelowa, moshi umejaa ndani. Halua ilikuwa imeshaanza kuwa nzito na kubadilika rangi. Khatib alikuwa kwenye mwiko kwa muda mrefu, koo limemkauka kwa saumu. Akagonga upawa, ngo, ngo. Nyange alisikia. Lakini mikononi alikuwa na gogo bichi linalofuka moshi, analitoa mekoni, na kwa mtu anayesema na mwenziwe hilo si jambo: angesema "ngoja", basi, kwisha. Neno hilo moja halikumtoka. Alisimama na gogo lake, akamkazia macho Khatib, akadhani ameelewa. Khatib akamwona kasimama karibu, anamtazama, akadhani anakuja. Akaachia mwiko, akatoka kwenda kutia udhu wa alasiri.

Harufu ndiyo iliyopita ukutani safari ile.

Bi Zuweina alikuja mbio bila hata mtandio kukaa sawa. Alimkuta Nyange ameshaushika mwiko, anavuruga kwa nguvu zake zote, machozi yanamtoka, ya moshi au ya jambo jingine, Mungu anajua. Haikusaidia kitu. Chini kulikuwa kweusi, na weusi ule ulikuwa ukipanda juu vipande vipande.

Khatib alirudi na maji yanachuruzika usoni, akasimama mlangoni. Sasa vinywa vikafunguka!

"Nilikugongea!"

"Nilikuwa na moto mkononi, huoni?"

"Si ungesema!"

"Na wewe si ungeniita!"

Mize, aliyekuwa amemfuata mbio, akamvuta Bi Zuweina pembeni. "Sikiliza, shoga yangu," akamnong'oneza. "Itoe ya juu juu. Tia marashi, ongeza iliki, mimina zafarani. Idd ile watu wanakula kwa pupa, nani ataijua? Ukiimwaga hii umebakiwa na ya mara moja tu."

Bi Zuweina akaitazama ile halua. Juu ilikuwa inang'aa, nzuri, samli imeanza kutoka pembeni. Akainama akainusa. Kuonja hakuweza, saumu ilikuwa bado mdomoni, lakini pua yake ilikuwa imenusa halua njema maisha yake yote. Alijua. Mtu wa kwanza atakayetia kipande mdomoni atajua pia, na atawaambia wenziwe kwamba mkono wa Zahran umekwenda na Zahran.

"Imwageni," akasema.

Walichimba shimo nyuma ya kiwanda wakaimwaga, na mvua ikanyesha juu yake. Nyange na Khatib walisimama wakingoja kutukanwa, na kusema kweli walikuwa wakitamani watukanwe, maana mtu akishatukanwa hupata na yeye pa kukasirikia.

"Hili kosa langu," akasema Bi Zuweina.

Wakainua vichwa.

"Nilisikia mnagonga upawa kama watu wanaofukuza kunguru. Nilijua mwisho wake. Nikakaa kimya nikiogopa kuwaudhi. Tajiri wa kazi, mwenye kiwanda, ni mie, na tajiri anayesikia kitu kibaya kwenye kazi yake akanyamaza, yeye ndiye aliyeunguza." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Sasa nisikilizeni. Siasa yenu kaeni nayo. Kura yenu mpeni mnayemtaka, mimi si mkeo wewe wala si mkeo wewe. Kutembeleana sikulazimishini. Lakini kwenye sufuria hili pana neno moja la kwenda na neno moja la kurudi. Asiyeweza kulisema, kesho asije. Mwiko n'taushika mwenyewe."

Akaingia ndani, na alipofunga mlango akakaa chini hapo hapo. Alilia, kwa nini nikufiche? Alilia kwa sukari, kwa samli, kwa Zahran, na kwa begi lake aliloliona limeshafungwa.

Kesho yake asubuhi alifungua kiwanda akaukuta uwanja mtupu. Akawasha moto peke yake. Akamimina wanga, akatia sukari, akautwaa ule mwiko ambao maisha yake yote aliusikia tu, akashangaa uzito wake. Mize akaja akawa anasukuma kuni. Halua ikiwa bado maji maji si tabu. Aliivuruga, akaivuruga, akaanza hata kujiona anaweza. Kisha ikaanza kuwa nzito.

Nyange aliingia kwanza, akasimama kulia. Khatib akaingia nyuma yake, akasimama kushoto. Hawakutazamana. Bi Zuweina hakuwakaribisha wala hakuwafukuza. Pumzi ya kusemea hakuwa nayo. Mwiko ulikuwa unamvuta mabega, jasho linamwingia machoni, na ndani ya sufuria halua imegeuka kitu kinachoshindana naye. Alikwenda mpaka pale ambapo mtu hajui tena kama anavuruga au anavurugwa. Mwisho akapaza sauti, si kwa mtu yeyote.

"Pokea!"

Wakaruka wote wawili. Nyange ndiye aliyefika.

"Nishapokea, Bi Zuweina."

Akaachia. Mikono yake ilibaki imekunjika vile vile, Mize akamkalisha kwenye kigoda. Lakini moyo wake haukukaa. Kumpokea tajiri si kazi, hata mtu asiye na adabu humpokea tajiri. Kazi ilikuwa ile inayofuata.

Nyange akavuruga. Akavuruga mpaka zamu yake ikapita, na kila mtu mle ndani alijua imepita. Kifua kinapanda na kushuka. Lile kovu limekuwa jekundu. Khatib amesimama mkono mmoja tu kutoka kwake, vidole vinamcheza, na ungemwona ungejua kwamba anautaka ule mwiko kuliko maji. Wala hausogelei, maana hakuitwa. Nyange akazunguka tena, na tena. Bi Zuweina alikuwa akiomba dua asizozijua aya zake, na Mize ameziba mdomo kwa kanga.

"Pokea," akasema Nyange. Ilimtoka kwa sauti ndogo. Akakohoa, akairudia. "Pokea, Khatib."

"Nishapokea!"

Khatib alijibu kwa kelele mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Akaushika mwiko, Nyange akaachia, akaanguka chini kando ya meko kama gunia. Kisha Khatib, macho kwenye sufuria, akasema:

"Yakhe, ulikuwa unataka kufa?"

"Nilikuwa naangalia kama wewe utaomba."

"Niombe mimi? Mwiko unao wewe, niombe mimi?"

"We siku zote una mdomo, leo umekwenda wapi?"

Na Khatib akaanza kucheka, na Nyange pale chini akaanza kucheka, mbavu zinamuuma, na Bi Zuweina akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka kwa mara ya pili katika siku mbili. Lahaula, alihisi kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachombana! Hawakuacha vyama vyao, usije ukafikiri hivyo. Kabla halua haijaiva walikuwa wameshagombana juu ya mkutano wa hadhara wa wiki iliyopita, wakapigiana makelele, Nyange akamwambia Khatib viongozi wake waongo na Khatib akamwambia Nyange wake hawajui kusoma. Katikati ya matusi yale neno lilikuwa likienda na kurudi. Pokea. Nishapokea. Samli ikatoka pembeni, rangi ikawa ya kahawia inayong'aa, iliki ikatiwa, na harufu ikatoka kiwandani ikashika njia ya sokoni, siku ya kufunga, watu matumbo matupu.

Jioni ile mwezi ulionekana.

Asubuhi ya Idd, watu waliporudi kusali, Bi Zuweina alikuwa barzani na vikapu vya Mize vimepangwa. Akangoja. Watu wakapita na kanzu mpya, wakaitazama halua, wakatazamana, wakapita. Akawaza, Marhoun atakuja kesho. Akajaribu kukumbuka begi lake liko wapi.

Mzee Mmanga ndiye aliyesimama kwanza. Alijifanya anafunga kiatu. Kisha akasogea, akainama, akasema kwa sauti ya chini kama mtu anayeuliza dawa ya siri:

"Hii kapika Khatib?"

"Khatib na Nyange, mzee wangu."

"Khatib, lakini?"

"Khatib. Na Nyange."

Mzee akakuna ndevu. Jina la pili lilimpita sikio kama upepo, au alijifanya hivyo. "Khatib kijana wetu," akasema kwa sauti kubwa, wenzake walio nyuma wasikie. "Nipe vikapu viwili."

Abrahman alikuwa upande wa pili wa njia, ameyaona yote. Akavuka. "Bi Zuweina, Idd Mubarak. Nasikia Nyange ndiye aliyeitoa hii?"

"Nyange na Khatib, bwana Abrahman. Wote wawili, kama nilivyokwambia."

"Nyange mkono wake unajulikana," akasema Abrahman, akimtupia Mmanga jicho. "Nipe vitatu."

Haya tena! Huyu ana viwili, yule ana vitatu, na watu wao wanatazama. Haukupita muda barza ikajaa. Upande huu walikuja kula halua ya Khatib, upande ule walikuja kula halua ya Nyange, na kila aliyeuliza Bi Zuweina alimtajia majina mawili, hakuficha hata moja. Watu wa Kojani waliokuja mjini kwa ajili ya Idd wakanunua vya kuondoka navyo, na mtu wa Shumba akagombea kikapu cha mwisho na mtu ambaye hakuwa amesemezana naye mwaka mzima. Walianza kwa kugombana, lakini walisemezana. Mwisho wakakigawana.

"Imekwisha?" akauliza Abrahman, aliyerudi kwa mara ya pili. "Sasa wageni wangu wa leo jioni?"

"Sina sukari," akasema Bi Zuweina, akimtazama usoni.

Abrahman akatazama chini, akakohoa. Siku hiyo hiyo ya Idd alifungua duka lake. Na samli ilifika kabla ya adhuhuri, kwenye kopo la Mzee Mmanga, bila salamu na bila maelezo.

Idd pili Marhoun alikuja, kama walivyoahidiana. Alikuja na kanzu nyeupe, joho jipya, na hamali mwenye rukwama la kuchukulia sufuria.

"Idd Mubarak, shemeji. Nimekuja kwa lile jambo letu."

"Ahlan. Lipo ndani, kaliangalie."

Marhoun akaingia kiwandani, na mvuke ukampiga uso. Sufuria lilikuwa juu ya moto, limejaa, halua inabubujika nzito. Khatib alikuwa kwenye mwiko, na zamu yake ilikuwa imekwisha kitambo.

"Pokea!" akaita Khatib.

"Naja!" akajibu Nyange toka nyuma ya nyumba, anapasua kuni. "Ngoja kidogo!"

"Singoji, mikono imekufa! Bwana Marhoun, wewe uliye hapo, pokea!"

"Mimi?"

"Kuna mwingine? Pokea, isije ikaungua!"

Marhoun akatupa joho. Mwenyewe hakujua kwa nini. Alitia mikono juu ya ule mti, akaona Khatib haachii, anamtazama tu mdomoni.

"Sema!"

"Ni... nishapokea!"

Khatib akaachia, na uzito wote ukamwangukia Marhoun mabegani. Akavuruga. Kanzu ikarukiwa na sukari, kofia ikamshuka kwenye jicho. Alimwona Bi Zuweina mlangoni, amefunga kanga kiunoni, anamtazama.

"Shemeji," akasema huku akihema, "hivi ndivyo... ndicho ulichokuwa unakitaka?"

"Ndicho hiki hiki."

Marhoun alimwangalia kidogo, akaendelea kuvuruga, maana kuacha hakuthubutu. Halua ikazidi kuwa nzito. Akageuza kichwa kutafuta mtu, na haya ikamwishia kabisa.

"Pokea!" akalia. "Jamani, pokea!"

Bi Zuweina akaja, akakunja mikono ya gauni, akaushika mwiko juu ya mikono ya shemeji yake.

"Nishapokea, shemeji," akasema. "Achia."